Malkia wa Pili wa Fundi wa Meno

Kwanza kabisa, marehemu hakumtupia mtu meno. Hilo lieleweke kabla ya jingine lolote. Hayakurushwa, hayakutemwa, wala hayakumpiga kinyozi kwenye paji la uso. Ule mkwaruzo ambao kinyozi huwaonyesha wateja wake juu ya jicho la kushoto aliupata kwa kujigonga kwenye kabati lake mwenyewe, wiki mbili baadaye, akitafuta poda. Meno yaliwekwa. Yaliwekwa taratibu, kwa vidole viwili, katikati ya mraba, baada ya kufutwa kwa leso safi iliyopigwa pasi. Kwamba leso ilipigwa pasi ni jambo la hakika, kwa kuwa aliyeipiga ni mkewe.

Pili, marehemu hakushindwa. Ilikuwa sare. Wanaosimulia kisa hiki vibarazani hufika kwenye kicheko wakaishia hapo, na matokeo wanayabuni wenyewe.

Basi mkewe, aliyefundisha miaka thelathini na mmoja na kustaafu akiwa mwalimu mkuu, na ambaye hajawahi kuacha kosa ubaoni bila kulifuta, ameona ayaandike mambo yalivyokuwa. Aliyasikia yote kutoka kwa mwenyewe, jioni ile ile, kabla watu hawajayatia chumvi.

Mumewe alikuwa fundi wa meno bandia. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kilichoshikana na nyumba, chenye dirisha linalotazama uwani, meza ndefu iliyoungua hapa na pale, taa ndogo ya spiriti, na harufu ya nta isiyotoka hata kwenye mapazia ya sebuleni. Ukutani kulikuwa na rafu tatu za vielelezo vya plasta, vinywa vya watu vikiwa vimepangwa kama vikombe. Hakuna kilichoandikwa jina. Vyote vilikuwa na namba, na daftari la namba alilitunza mwenyewe kwenye droo ya meza inayofungwa kwa ufunguo. Mtu akimuuliza, "Fundi, yule mama wa pale kwenye kona, yale ni yake?" alikuwa anainamia kazi yake na kupuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Kilichowaleta wateja kilikuwa tabasamu lake. Fundi alikuwa na meno ya kupendeza, tena ya kuaminika, maana hayakuwa yamenyooka kupita kiasi. Moja la mbele lilimpanda mwenzake kidogo. Chonge la kulia lilikuwa na pembe iliyomeguka, ndogo kama punje ya mchanga. Na rangi yake ilikuwa ya mtu anayekunywa chai kila siku bila kuionea haya. Wateja walikaa kwenye kile kiti cha karakana, wakamtazama mdomoni badala ya kumtazama machoni, wakasema, "Nitengenezee kama yako."

Naye aliandika kwenye daftari: *kama yangu*.

Sasa siri yenyewe imeshatoka, na kuificha tena ni kazi bure. Meno ya juu ya Fundi yalikuwa ya bandia, yote. Akiwa na miaka ishirini na miwili, bado mwanagenzi, alibebeshwa gunia la plasta kwenye baiskeli. Akageuka nyuma kutazama kama gunia linavuja. Gunia halikuwa likivuja, ila mbele kulikuwa na ngazi za posta. Mwalimu wake wa kazi alimtengenezea seti ya kwanza, nyeupe, iliyonyooka kama vitufe vya piano, na kijana wa watu akakaa miezi minne bila kucheka. Mwezi wa tano aliyavunja, akajitengenezea mwenyewe, na akayatia kasoro moja baada ya nyingine mpaka yakawa ya mtu. Hapo ndipo alipokuwa fundi kweli.

Mkewe aliambiwa mapema, siku ya tatu ya kutembelewa nyumbani, kabla hata wazee hawajatumwa. Akauliza, "Yanatafuna?"

"Yanatafuna."

"Hata mfupa?"

"Mfupa laini."

"Basi endelea kunywa chai."

Watu wengine hawakuambiwa. Hakusema uongo, hilo nalo liandikwe. Alipoulizwa anayasafisha na nini, alijibu ukweli mtupu: mswaki na sabuni kidogo. Mtaa mzima ukanunua sabuni. Kwa muda wa wiki moja hivi watu walisalimiana huku wamekunja nyuso, mmoja akatoa povu katikati ya mkutano wa wazazi, kisha jambo likafa lenyewe. Alichokihofia Fundi ni kimoja tu: siku watakapojua kwamba fundi wa meno hana meno, watamcheka, na karakana itafungwa. Miaka arobaini alilala na hofu hiyo, na kikombe chenye maji kilikaa upande wa mkewe wa kitanda, ili mgeni akichungulia adhani ni cha mkewe. Huyo ndiye mwanamke mnayemwita mwenye maringo.

Starehe yake ilikuwa sataranji. Kila Jumamosi, saa nane mchana hadi saa kumi na moja, kikundi cha wachezaji saba au wanane kilikutana chumba cha nyuma cha duka la kinyozi. Kinyozi huyo ni mdogo wake mkewe, kwa hiyo ni shemeji yake Fundi, na kama shemeji wengi alijiona ana haki ya kumkera bila kuomba ruhusa. Kati ya duka na chumba cha nyuma kulikuwa na pazia la maua. Pazia huzuia macho. Masikio halizuii.

Fundi hakuwa mchezaji mkali sana. Sifa yake ilikuwa mafumbo. Plasta inahitaji muda wa kuganda, na fundi asiye na subira huharibu kinywa cha mtu. Yeye muda huo aliutumia kupanga mfalme hapa, farasi pale, askari wawili kule, na kutafuta hali ambayo jibu lake ni moja tu, tena lile ambalo mtu hulifikiria mwisho. Kila Jumamosi alilichora fumbo la wiki kwa chaki kwenye ubao mdogo uliotundikwa mlangoni mwa chumba cha nyuma. Ubao huo ulistaafu shuleni pamoja na mkewe.

Sheria ya mlangoni ilikuwa hii: anayeingia anamnong'oneza Fundi jibu sikioni. Akipata, anakaa kwenye kiti chenye mgongo. Akikosa, anakaa kwenye benchi, ambalo halikuwa na mgongo, na lilikuwa na mguu mmoja mfupi. Kinyozi alikaa kwenye benchi hilo miaka kumi na moja, ndani ya duka lake, kwenye chumba anachokilipia kodi.

"Dada," alimwambia mkewe Fundi siku moja, "mumeo ananitesa kwangu."

"Fikiri kabla ya kunong'ona," alijibiwa.

Mwisho wa kila mwaka kulikuwa na mchezo mmoja wa kugombea chaki. Mshindi ndiye anayechora mafumbo mwaka unaofuata. Wakitoka sare, chaki inabaki kwa aliyekuwa nayo. Mwaka huo aliyefika mbele ya Fundi alikuwa kinyozi, na tayari alishatangaza atakachofanya.

"Nikishika chaki," aliwaambia wateja akiwa na mkasi hewani, "mafumbo yote yatakuwa ya hatua moja. Malkia huyu hapa, mfalme yule pale, mpige, kwisha. Hata anayepita barabarani akipiga chafya analipata. Na benchi nalipasua kuni."

Fundi aliposikia habari hiyo alishindwa kumaliza chakula. Kucheza angeweza kucheza popote. Lakini ubao ule mlangoni ukichorwa upuuzi wa hatua moja, yeye angekaa na plasta yake akisubiri nini? Mkewe alimwambia ni mchezo tu. Alimtazama kama vile amemwambia kusoma ni herufi tu, na mkewe akatambua kosa lake.

Inabaki kueleza kanuni ya saba, maana bila hiyo hakuna atakayeelewa chochote. Katika sataranji, askari akivuka ubao wote na kufika mstari wa mwisho, anapandishwa cheo. Mchezaji anachagua awe nani: malkia, ngome, askofu au farasi. Karibu kila mtu huchagua malkia, kwa kuwa ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Tatizo ni pale malkia wa kwanza akiwa bado hai ubaoni: wa pili atoke wapi? Zamani kikundi kiliweka chochote kilichokuwa karibu. Siku moja malkia wa pili akawa kikombe, na mwenye kikombe akasahau, akamnywa. Mara nyingine akawa donge la sukari, na kinyozi akamla katikati ya mchezo, akasema alidhani ametekwa. Ugomvi ule ulidumu Jumamosi tatu.

Ndipo Karani, mzee aliyefanya kazi mahakamani maisha yake yote na ambaye hawezi kuona watu wamekaa bila kanuni, akaandika ya saba: *Malkia wa pili atakuwa kitu alicho nacho mchezaji mwenyewe mwilini, kitakachosimama chenyewe, kitakachoenea mraba mmoja, kisicholika wala kunyweka, na atakipata kabla kuku hajalia.* Kuku ni saa ya jikoni iliyoumbwa kama kuku, inayozungushwa shingo na kulia baada ya dakika mbili.

Fundi alijitayarisha kwa kanuni hiyo. Mfukoni mwa koti lake la kazi alikuwa na kifungo kikubwa cha shaba, chenye kishikio nyuma kilichokifanya kisimame kidogo kwa mbwembwe. Alikiita Bibi Mkubwa. Miaka minane alikwenda nacho.

Ijumaa kabla ya mchezo, mkewe alilifua lile koti. Lilikuwa na nta kiunoni na chai kifuani, na mume wa mwalimu mkuu mstaafu hawezi kwenda kugombea chaki akiwa hivyo. Alitoa vitu mfukoni, akaviweka kwenye kisahani dirishani. Jumamosi Fundi akavaa koti jingine. Mkewe anakubali sehemu yake katika jambo hili na hataki kukumbushwa.

Asubuhi hiyo Fundi alichora mlangoni fumbo alilolifanyia kazi tangu mvua za mwaka uliotangulia. Lilikuwa la hatua tatu. Uzuri wake wote ulikuwa kwenye hatua ya mwisho, pale askari anapofika mstari wa mwisho. Ukimfanya malkia, malkia anakuwa na nguvu mno. Anaufunga kila mraba unaomzunguka mfalme mweusi bila kumgusa mfalme mwenyewe, na mfalme ambaye hajashambuliwa lakini hana pa kwenda amekwama, na mchezo unakuwa sare. Jibu ni farasi. Farasi anaruka, anamshambulia, na mambo yamekwisha. Watu wote saba walinong'ona malkia. Watu wote saba wakapelekwa benchini, wakabanana kama ndege kwenye waya, na ule mguu mfupi ukafanya kazi ya ziada.

"Ni farasi," Fundi aliwaambia hatimaye, akitabasamu kwa yale meno. "Mnakimbilia ukubwa. Mtu akiona cheo hafikiri tena."

Maneno hayo aliyasema saa nane na robo. Muda uandikwe.

Mchezo ulianza saa nane na nusu, kwenye ubao mkubwa uliochongwa na seremala, wenye miraba mipana kama viganja. Fundi alikuwa na weupe. Kinyozi alicheza kama anavyonyoa, kwa kasi na kwa kuzungumza.

"Leo nakunyoa mpaka nyusi, shemeji."

"Cheza."

"Chaki nimeshaisikia harufu. Inanukia mavi ya njiwa au ni wewe?"

"Ni plasta hiyo. Na farasi wako ametekwa."

"Mchukue. Alikuwa mgonjwa."

Kufikia saa kumi kinyozi alikuwa amefiwa na karibu jeshi zima. Vipande vyake vilirundikana kando ya kiwiko cha Fundi, pamoja na vichache vyeupe alivyopoteza Fundi mwenyewe, akiwemo farasi mmoja mweupe. Huyo farasi akumbukwe. Alikuwa amelala ubavu, kichwa chake kikigusa kitufe cha mkono wa koti.

Kinyozi alibakiwa na mfalme pembeni, na askari mmoja aliyegongana pua kwa pua na askari mweupe, wala mbele wala nyuma. Ngome ya Fundi ilikuwa imefunga mstari mzima. Askofu wake alichungulia pembe ya mbali kwa mshazari. Malkia wake alikuwa hai, ila alikuwa amejibana kwenye kona ya nyuma, amezungukwa na askari wake mwenyewe kama mgeni wa heshima aliyekosa njia ya kufika chooni. Na askari mmoja mweupe alikuwa amebakisha hatua moja kufika mwisho.

Fundi akamsogeza. Watu wakasimama wote, benchi likaanguka.

"Malkia," akasema Fundi.

"Malkia wa pili," akasema Karani, akazungusha shingo ya kuku. "Kanuni ya saba. Dakika mbili."

Fundi akatia mkono mfukoni. Mfuko ulikuwa mtupu. Akatia mwingine. Akakumbuka kisahani dirishani.

"Mbona unajipapasa, shemeji? Kunguni?" akauliza kinyozi, ambaye sasa alianza kuona mwanga.

Saa ya mkono ilikuwa kwa fundi saa. Akavua miwani, akaiweka, kisha hakuona aliiweka wapi, na ikabidi waitoe kwenye bakuli la sukari. Akashika pete ya ndoa. Akaivuta, akaitia mate, akaivuta tena, haikutoka. Mkewe alipoelezwa habari hiyo alijizuia kutabasamu. Akajaribu kukata kifungo cha shati, lakini vifungo vya mashati ya nyumba ile havikushonwa vya kukatika. Karani akasema kalamu si halali kwa kuwa ni ya kwake, Fundi aliiazima tangu mwezi wa pili.

"Kiatu?" akasema mmoja wa wachezaji.

"Kinaenea miraba miwili na nusu," akasema Karani.

"Mkanda?"

Fundi akaushika mkanda, akakumbuka kwamba suruali ile aliinunua alipokuwa na mwili, akauachia.

"Sekunde arobaini," akasema Karani.

Kinyozi alishaanza kuimba kwa sauti ya chini, na mkono wake ulichora fumbo hewani. Malkia kando ya mfalme. Hatua moja.

Hapo Fundi akatazama ubao wa mlangoni, si kwa kulisoma fumbo, bali kwa kuuaga. Akawaza miaka kumi na moja ya chaki. Akawaza na ile hofu yake ya miaka arobaini. Akazipima, akaona chaki ni nzito zaidi. Akatoa leso, akawapa watu kisogo kidogo, mabega yakatikisika mara moja. Akageuka. Akaweka katikati ya mraba wa mwisho seti nzima ya meno ya juu, kaakaa chini, meno mbele, yakisimama vizuri sana, yakimcheka mfalme mweusi.

Kuku akalia.

Kule dukani pazia la maua lilikuwa limefunguka kwa upana wa jicho. Jicho lenyewe lilikuwa la Mama Vitambaa, mwenye duka la nguo lililo jirani, ambaye alikuwa amemleta mumewe kunyolewa, maana akija peke yake hurudi na kichwa cha pande mbili tofauti. Mama Vitambaa hakuwa na meno manne ya mbele. Mwaka mzima alikuwa akienda karakana, akikaa kitini, akisema, "Fundi, ya bandia yanajulikana tu. Ungenipa ya asili kama yako, ningechukua leo." Kisha anaondoka.

"Yana kasoro ileile," alinong'ona Karani, akitazama chonge lililomeguka. "Kumbe..."

"Yanasimama yenyewe," akasema Fundi, na sauti yake ilitoka na upepo mwingi. "Yanaenea mraba mmoja. Hayaliwi. Kanuni imetimia?"

Karani akaisoma kanuni yote upya, kidole kikifuata mstari. "Imetimia," akasema. "Malkia halali."

Sasa zamu ilikuwa ya kinyozi. Aliinama juu ya ubao, akijiziba pua bila sababu. Akamshika mfalme wake, akamtazama kulia: ngome. Kushoto: ngome. Pembeni: askofu. Mbele: meno. Akamrudisha. Akamgusa askari wake: amekwama. Akahesabu tena kwa kidole. Kisha, polepole, kama mtu anayesikia jina lake likisomwa kwenye orodha asiyoitarajia, akainua uso.

"Shemeji," akasema kwa upole ambao hakuwahi kuwa nao. "Nani amenishambulia?"

Fundi akatazama.

"Nauliza tu. Maana sijashambuliwa. Na sina pa kwenda."

Fundi akatazama meno yake. Akatazama farasi mweupe aliyelala kando ya kiwiko, kichwa chake kikigusa kitufe. Akageuza shingo hadi mlangoni, kwenye fumbo lililochorwa kwa mkono wake: mfalme yule yule pembeni, ngome ile ile, askofu yule yule, askari yule yule. Lake mwenyewe. Alilolifanyia kazi tangu mvua. Farasi hakuhitaji kutafutwa mwilini. Hakuhitaji kuku. Alikuwa hapo muda wote.

"Mnakimbilia ukubwa," akasema mmoja wa wale waliotoka benchini.

"Mtu akiona cheo," akaitikia mwingine, lakini hakumaliza, alikuwa ameshakaa sakafuni.

Kinyozi alicheka mpaka akashikilia pazia, pazia likang'oka, na Mama Vitambaa akabaki amesimama mbele ya watu wote na mumewe aliyenyolewa nusu. Fundi naye akacheka. Alicheka na mdomo wazi, ufizi mtupu, kwa mara ya kwanza mbele za watu tangu zile ngazi za posta. Ila hakuweza kuyachukua meno, kwa kuwa Karani alikataza ubao usiguswe mpaka hali ya mwisho inakiliwe kwenye daftari la kikundi. Ilichukua dakika nne. Daftari lipo, na limeandikwa hivi: *Sare kwa kukwama. Chaki inabaki. Malkia wa pili: meno, halali.* Anayebisha akasome.

Jioni Fundi alirudi na chaki mfukoni, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akamweleza mkewe yote, pamoja na farasi.

"Kumbe uliwaambia saa nane na robo," alisema mkewe.

"Mwalimu, usinisahihishe leo."

"Koti nimelifua mimi."

"Najua."

Kisha Fundi akasema lile lililokuwa moyoni: kwamba Jumatatu hatakuja mtu. Kwamba mtaa mzima utasema fundi mwenyewe kibogoyo. Jumapili hakutoka. Alizifuta rafu zote tatu, akavipanga vielelezo upya kwa namba, kama mtu anayefunga hesabu za maisha yake.

Jumatatu saa mbili kasorobo, mlango wa karakana ulipigwa kwa ngumi. Alikuwa Mama Vitambaa, na nyuma yake, ukutani, walisimama watu kumi na wawili. Mkewe aliwahesabu kutoka dirishani mwa jikoni.

"Fundi, nimekuja kugombana," alisema Mama Vitambaa, akajitupa kwenye kiti.

"Mama, sikusema uongo. Hukuniuliza."

"Ndiyo maana nina hasira! Mwaka mzima nakutazama mdomoni, nasema, haya ni ya Mungu, mimi nitapata wapi. Kumbe ni ya mikono yako! Ungesema, ningekuwa natafuna tangu mwaka jana. Mume wangu amekula nyama zangu zote!"

"Unataka lini?"

"Juzi. Na unitilie na ile ya kupandana."

"Ya kupandana?"

"Kama yako. Na chai. Nitilie chai."

Mwezi ule alifanya kazi mpaka vidole vikawa na malengelenge. Kila mtu alitaka kasoro yake. Mmoja alitaka meno yenye mwanya, mwingine aliomba lionekane kama aliwahi kufungulia chupa. Mtaa uliokuwa umemwamini kwa sababu ana meno ulimwamini zaidi kwa sababu hana, na hofu ya miaka arobaini ikaisha wiki moja. Kikombe cha maji kikahamia upande wake wa kitanda, mahali pake pa haki.

Aliishi miaka mingine saba, akafa kwa ugonjwa wa kifua, kitandani kwake, watoto wake wakiwepo, na meno yake mdomoni. Fumbo la mwisho bado liko mlangoni kwa kinyozi. Hakuna aliyelipata, na hakuna aliyethubutu kulifuta.

Linabaki swali moja ambalo watu hawachoki kuliuliza, hasa wale wanaokaa kwenye kiti cha kinyozi na kumtazama mdomoni anapocheka. Kwamba meno yake ya juu siku hizi yamekaa vizuri mno kwa mtu wa umri wake. Kwamba moja linampanda mwenzake kidogo. Kwamba kama miezi mitano baada ya mchezo ule alionekana akiingia karakana kwa mlango wa uani, kofia imeshushwa mpaka puani, yeye ambaye hukaa nje akipiga kelele kabla ya kuingia popote.

Ni kweli kwamba kwenye rafu ya tatu kuna kielelezo namba mia mbili na kumi na mbili. Ni kweli pia kwamba daftari la namba liko kwenye droo ya meza, droo imefungwa, na ufunguo anao mjane. Marehemu hakuwahi kutaja jina la mteja, na kinyozi ni mtoto wa mama mmoja na mjane. Mtu asije tena kuuliza. Hataambiwa.